Mbaruku Mbele ya Pazia

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, watu wakiwa wameshazoea kupaa angani na kuteremka nchi nyingine kabla nguo walizofua nyumbani hazijakauka. Endeleeni kuchambua mchele, mdomo wangu hauhitaji ungo. Ila nisikilizeni vizuri, maana mwisho nitauliza, na nikiuliza sipokei "sijui".

Palikuwa na ndege. Ndege kubwa ya safari ndefu, inaondoka Dar es Salaam asubuhi na kulifuata jua mchana kutwa mpaka nchi za baridi. Ndani ya ndege palikuwa na pazia. Nyuma ya pazia watu wamekaa magoti yamegusa kiti cha mwenzao. Mbele ya pazia ndiyo wanaita daraja la biashara: viti vinanyooka vinakuwa vitanda, na maji ya kunywa yanaletwa kwenye bilauri na kitambaa chake. Pazia lenyewe jepesi, unaweza kulisogeza kwa kidole, lakini kulivuka bila tiketi ya huko ni kazi.

Mbele ya pazia alikaa Amsi, mkimbiaji wa mbio ndefu, mtu wa Mbulu, mkimya, mwili wote miguu. Mbio zenyewe ni kesho yake asubuhi. Viza ilichelewa, wakimbiaji wa nchi nyingine wameshafika zamani wamezoea baridi, yeye anafika leo anakimbia kesho. Waandaaji wakaona haya, wakamlipia kitanda. Na kocha wake alimwambia pale uwanjani, hakumficha: "Amsi, umri umekwenda. Ukishinda una mwaka mwingine. Usiposhinda, nafasi yako ni ya Gwandu, na wewe ukamsaidie baba yako ng'ombe. Kwa hiyo ukipanda tu, lala."

Gwandu huyo naye alikuwemo, kijana mwenye mbio, amelipiwa kitanda vilevile. Yeye kabla ndege haijaacha ardhi ameshavaa kitambaa cha macho na vizibo vya masikio, na mpaka tunashuka hatutamsikia tena.

Ng'ambo ya njia, usawa wa Amsi, alikaa Mwantumu wa Tanga na mwanawe Mbaruku, miezi minane, meno mawili. Mume wake anafanya kazi huko wanakokwenda, na mtoto wake hajamwona ila kwenye simu. Kampuni ya mume ndiyo iliyolipa kiti cha mbele. Sasa Mwantumu ana wifi. Wifi huyo alikwenda Dubai mara moja, na tangu arudi watu hawajapumzika. Akamwambia, "Wifi yangu, usiende kututia aibu huko mbele na makanga mgongoni. Mbele watu wanasukuma vigari." Mwantumu akasikia. Kanga zake zote akazitia kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Akavaa suti, akanunua kigari cha mtoto. Alipofika mlangoni, kigari kikachukuliwa kikawekwa na mizigo. Mtoto akapewa kitanda kidogo cha kutundika ukutani.

Hebu niambieni. Mtoto wa Tanga, ana bibi wawili na mashangazi wasio na idadi, tangu azaliwe hajawahi kulala mchana ila mgongoni mwa mtu. Leo unamlaza kwenye kisanduku ukutani, peke yake, anatazama dari. Ulitegemea nini?

Mbaruku akalia.

Mwantumu akampa ziwa, akalikataa. Mbaruku akalia, na Amsi hajalala. Akampa kijiko achezee, akakitupa. Mbaruku akalia, na Amsi hajalala. Akamwimbia, akampulizia, akamwonyesha mawingu dirishani. Mbaruku akayatazama mawingu kidogo, akaona hayana maana, akalia zaidi. Na Amsi hajalala.

Kwenye kona ya dirisha, mahali pazuri kuliko pote, alikaa Bwana Ndimbo, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Mbinga. Mtu mzima, tumbo la heshima, koti la kushonesha. Naye kesho ana jambo lake, anakwenda kusimama mbele ya wanunuzi. Akamwita mhudumu, binti mmoja anaitwa Agripina.

"Binti, mimi hapa nimelipia nini? Chai? Chai hata kwangu ipo. Nimelipia ukimya. Mtoto mchanga mahali pake si huku. Mtoto hajui kitanda wala benchi, kwake yote sawa. Mpelekeni nyuma."

Mwantumu akageuka. Ni mtoto aliyelelewa, hata akiwa na hasira ataanza na salamu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Wa huko nyuma nao wana masikio. Au kilio cha mtoto kikivuka pazia hakiumizi tena?"

"Wao wamelipia kufika, mama. Sisi tumelipia kulala."

"Na mwanangu kiti chake kimelipiwa na nani? Hakuingilia dirishani."

"Sijasema hajalipiwa. Nasema hajui kiti hicho ni cha nini. Na wewe unamwendekeza. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Walisema pia uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akajibu Mwantumu. "Wahenga walisema mengi, baba, inategemea uliwasikiliza siku gani."

Wakacheka watu wawili watatu, lakini kicheko cha walionyimwa usingizi hakidumu. Wengine walikuwa upande wa Bwana Ndimbo na hawakutaka kuonekana. Agripina amesimama katikati, hana la kufanya. Tiketi ya mtoto ni ya mbele, hawezi kumhamishia nyuma. Na Bwana Ndimbo tiketi yake ni ya mbele, hawezi kumwambia anyamaze.

Ndipo Amsi aliposema neno lake la kwanza tangu apande. Alilisema polepole, hakumlaumu mtu. "Mimi kesho nakimbia. Nisipolala, sitakimbia tena."

Mwantumu kwa Bwana Ndimbo alikuwa na majibu yote. Neno hili lilimchoma. Akamtazama yule kijana na miguu yake, akamtazama mwanawe, machozi yakamtoka. Sasa wakawa wanalia wawili.

Nyuma ya pazia kulikuwa na mwanamke wa Pangani anaitwa Bi Sikudhani. Binti yake amejifungua huko ugenini, naye anakwenda kumlea mzazi, maana uzazi bila mama ni mateso. Amekaa kwenye kiti chake chembamba, anakisikia kile kilio, anakipima. Mtu aliyelea hasikii kelele, anasikia maneno. Akajikongoja mpaka kwenye pazia, anashika viti, magoti yake mabovu. Akamkuta Agripina.

"Mwanangu, nipishe."

"Shikamoo, bibi. Huku huruhusiwi."

"Marahaba. Sikuja kukaa. Huyo mtoto halii njaa, wala haumwi. Huyo analilia mgongo."

Bwana Ndimbo akasikia. "Binti, ukianza kuwavusha watu, nitawaandikia wakubwa zako leo hii."

Na Agripina alikuwa na onyo moja tayari, alilopewa mwezi uliopita kwa kosa la namna hiyohiyo, kumpa mgonjwa wa nyuma mto wa mbele. Onyo la pili ni kurudi nyumbani. Akatazama pazia, akamtazama Bwana Ndimbo, akamsikiliza Mbaruku. Akalisogeza pazia kwa mkono wake mwenyewe. "Pita, bibi."

Bi Sikudhani akapita. Na ndani ya mkoba wake mlikuwa na kanga, na kanga hiyo lazima niieleze, maana naona hapa wamo wageni wa bara. Kwetu siku ya harusi bwana harusi humpa mama mkwe wake kanga, tunaiita ubeleko. Ni shukrani kwa mgongo uliombeba binti. Bi Sikudhani ubeleko wake hakuuvaa. Aliukunja akauweka, akasema utambeba mjukuu wa kwanza ndipo utalowa maji. Binti akakaa, mtoto hapati. Majirani wakasema, Bi Sikudhani akakunja upya. Sasa mjukuu amezaliwa, na bibi anavuka mabara na ile kanga haijaguswa na mtoto yeyote.

Akaitoa. Akaitazama. Nadhani hapo aliitazama muda kidogo, nami ningeitazama. Kisha akaikung'uta ikafunguka.

"Wangu atakuwa wa pili," akasema. "Anayelia sasa ndiye anayebebwa sasa."

Lakini Bi Sikudhani alikuwa na kanga, hakuwa na magoti. Mtoto wa mgongoni hataki kubebwa tu, anataka kutembezwa. Mwantumu akasimama ambebe, akayumba, hajalala tangu siku za kufunga mizigo. "Kaa chini," Bi Sikudhani akamwambia. "Ukianguka naye tutalia wote." Agripina ana sinia za chakula mikononi. Watu wakamgeukia Bwana Ndimbo.

"Msinitazame mimi," akasema, akajifunika shuka.

Amsi akasimama. Akainama, akamgeuzia Bi Sikudhani mgongo.

"Wewe mwanamume," akasema Bi Sikudhani, "utaweza?"

"Kwetu tulizaliwa wavulana watupu, mimi wa kwanza. Mama alikuwa shambani. Wote niliwabeba mimi. Walionicheka walichoka." Akainama zaidi. "Na mbio nilianzia hapo. Mdogo wangu alishikwa na degedege, nikamfunga mgongoni, nikakimbia naye mpaka zahanati. Baada ya hapo sikuacha kukimbia."

Bi Sikudhani akamfunga. Akazungusha kanga chini ya makalio ya mtoto, akaivuta, akakaza fundo kifuani mwa Amsi. Mbaruku akalaza shavu kwenye mgongo wa mkimbiaji, akashusha pumzi moja ndefu, akanyamaza.

Mbele kote kukatulia. Amsi akatembea. Akitaka kukaa, Mbaruku anafumbua jicho. Akisimama, Mbaruku anafumba. Basi Amsi akatembea, mbele mpaka pazia, pazia mpaka mkia, mkia mpaka mbele, na watu wa nyuma wanampisha miguu wanamtania, "Mama Mbaruku mwenye ndevu huyo anapita." Mwantumu akalala. Bi Sikudhani, aliyepewa na Agripina kitanda cha Amsi apumzishe magoti, akalala. Bwana Ndimbo akalala akakoroma kwa sauti isiyopungua ya mtoto, na hakuna aliyemwitia mhudumu. Gwandu ndiyo kabisa. Mtu mmoja tu ndani ya ile ndege alikuwa na haja ya usingizi kuliko wote, na ndiye pekee aliyekuwa wima. Mbaruku amelala, na Amsi hajalala.

Jua likiwa limeinama upande wa dirisha, Bwana Ndimbo akaamka kwenda msalani. Akakutana na Amsi njiani.

"Kijana, si ulisema kesho unakimbia?"

"Nakimbia, mzee."

"Na sasa unafanya nini?"

"Natembea."

Bwana Ndimbo akarudi kwenye kona yake, akakaa. Akasimama. Akakaa tena. Aibu ni kitu cha ajabu, haikuruhusu hata kujifunika vizuri. Mwisho akavua lile koti la kushonesha, akaenda kumwamsha Bi Sikudhani.

"Mama, nifunge mimi. Nina wajukuu wengi na sijambeba hata mmoja, sijui hata naanzaje."

"Unaanza kwa kuinama," akasema Bi Sikudhani.

Akafungwa. Mbaruku akamtapikia kidogo shingoni, akaendelea kulala kwenye ule mgongo mpana. Bwana Ndimbo akamwambia Amsi, "Lala kwenye kona yangu. Huko hakuna anayepita." Na yeye akatembea, taratibu, tumbo mbele, mtoto nyuma, mpaka ndege ilipoanza kuteremka. Ndipo Amsi akalala. Usingizi mfupi, lakini mzito, wa mtu aliyechoka kihalali.

Asubuhi yake mbio zikaanza. Baridi, manyunyu, wakimbiaji wa dunia nzima. Gwandu alikuwa amefuata neno la kocha, amelala kuanzia Dar es Salaam. Akaanza vizuri. Walipofika kwenye kilima cha mwisho, miguu yake ikakataa. Ilikuwa imevimba tangu ndegeni, vifundo havionekani, misuli migumu kama kuni. Amsi akampita kilimani. Akampita na wa mbele yake, na wa mbele yake tena, akakata utepe peke yake. Daktari wa timu alipomkagua akasema, "Miguu hii ilitembezwa ndegeni. Na mwenye miguu alipata usingizi kidogo, mzuri. Ungelala njia nzima, ungekuwa kama mwenzako. Usingelala kabisa, ungeanguka."

Kocha akapiga simu, akampa mwaka mwingine. Alisema tu, "Haya, umenishinda," na Amsi alilia, mtu mzima yule, nami simcheki.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Waandaaji wakampa Amsi zawadi zake, na juu ya zawadi, tiketi moja. Kiti cha mbele ya pazia, kinacholala, cha kurudi nyumbani siku yoyote, kwa mtu mmoja atakayemtaja yeye. Imetiwa kwenye bahasha, mahali pa jina pako wazi. Amsi kitanda chake anacho. Akasema, "Hii ni ya aliyenifikisha." Watanzania wa mji ule wakampikia pilau, akawaalika wote wa safari, wakaja, hata Agripina, maana ndege yao ilikuwa imelala hapo.

Akawauliza, "Aliyenifikisha ni nani?"

Agripina akasema, "Mimi nisiseme? Pazia lile alilifungua nani? Kanga ingebaki nyuma, na mtoto angelia mbele, mpaka kesho. Na onyo nililokuwa nacho mnalijua. Kwenye ndege mimi husimama siku zote. Nataka siku moja nilale."

Bwana Ndimbo akasema, "Sikatai, nilianza vibaya. Lakini daktari kasemaje? Bila usingizi angeanguka. Usingizi aliupata kwenye kona yangu, na mtoto alikuwa kwenye mgongo wangu. Nilisimama mbele ya wanunuzi shati linanuka maziwa. Aliyekosea akajirudi, hastahili?"

Mwantumu akasema, "Mimi kwa ajili yangu siombi. Namwombea mwanangu. Angenyamaza ukutani, Amsi angelala njia nzima, na miguu yake ingekuwa ya Gwandu. Aliyemwinua kitandani ni nani? Aliyemtembeza ni nani? Mlisema mahali pake si mbele. Angekuwa nyuma, nani angesimama?"

"Mtoto hakujua anachofanya," akasema Bwana Ndimbo.

"Na wewe ulipokuwa unakoroma ulijua?"

Wakamgeukia Bi Sikudhani. Amempakata Mbaruku, anamlisha wali kwa kidole. Akasema, "Mimi nina mjukuu wa kuangalia. Kanga ile nilimfunga jana, ikanuka mtoto wa watu, binti yangu akanuna. Atacheka tena." Hakudai neno. Lakini Amsi aliona jinsi alivyoinuka pale mkekani, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye goti, na alijua kwamba mwanamke huyu atarudi nyumbani nyuma ya pazia, magoti yamebanwa, njia nzima.

Akatafuta bahasha aandike jina. Haipo mezani. Haipo chini. Kumbe ameishika Mbaruku kwa mikono miwili, anaitafuna pembe kwa meno yake mawili. Wakajaribu kumnyang'anya. Mbaruku akafungua mdomo, na wote waliosafiri naye wakarudisha mikono haraka.

Basi Amsi amesimama pale, kalamu mkononi. Nami nimesimama hapa, na mchele wenu naona umeshaisha. Msiniambie wagawane, kitanda hakigawanyiki. Msiniambie apewe Amsi, anacho. Na wewe uliyeshika ungo, unayetaka kusema mtoto, sema, lakini usinisumbue tena siku ukikaa karibu na anayelia. Na wewe unayesema si mtoto, nitajie basi ni nani angemwinua Amsi kitandani.

Aliyefungua pazia, aliyetoa ubeleko, aliyejirudi, au aliyelia: kiti kile ni kimoja, je, nani alistahili kukilalia?